Mwongo kwa Kiarabu

Ijumaa, Ibra, baada ya sala ya Alasiri. Joto la kukaanga yai juu ya boneti, na upepo wa vumbi haujatulia tangu asubuhi, milima yote imefichwa. Mie nimejifungia chumba cha wageni na kiyoyozi na hii simu, naandika kwa kidole kimoja.

Nyie mliozoea kuja hapa kucheka, leo piteni tu. Sina kichekesho. Au kipo, ila leo kinanicheka mie.

Nina haya. Sijui nilianze wapi hilo neno, kwa sababu sijawahi kuliandika humu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mie ndiye Nasoro, mwenye duka la paipu na matangi hapa Ibra, na kampuni ndogo ya matengenezo. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha mie, hatujakubaliana mpaka leo. Lakini dunia nimeisoma. Nimeendesha malori Kuwait, nimelala Bombay, nimebishana bei na Mchina kwao huko mpaka akanipa mwavuli wa bure niondoke. Lugha nazijua tano, na katika zote tano naweza kutukana na kuomba radhi bila mtu kuicheka lafudhi yangu. Na fahari yangu kubwa kuliko zote ni Kiswahili. Kiswahili cha mama yangu, cha Unguja mjini, cha zamani, hakijaguswa na mtu. Watu wa bara wakinipigia simu huwa nawasahihisha bila kuombwa.

Basi hicho hicho ndicho kilichoniangusha.

Mnaujua ule mpango wa kuleta mafundi huku mikoani. Niliusifu hapa mpaka mkanichoka. Muskat mafundi wanapigana vikumbo, huku kwetu tangi likikuvujia unangoja mtu siku nenda rudi, na akija anakuja na bei ya Muskat na haraka ya Muskat. Vijana wetu wakishapata cheti, wa Sur anavutwa na kiwanda cha gesi, wa Ibra na Nizwa wanauelekea mji mkuu. Siwalaumu, hata mie nilikwenda. Sasa mpango unasema hivi: mwenye kazi wa mkoani aseme ni ufundi gani unaokosekana, alete mtu kutoka nje mwenye ufundi huo, mtu apimwe, na kibali chake kiwe cha kufanya kazi hukuhuku, si cha kukimbilia Muskat.

Na unasaidia, wallahi unasaidia. Kule Nizwa yuko mama mmoja wa Mombasa anayetengeneza mashine za kusafisha figo. Zamani mashine ikisimama, wagonjwa walikuwa wakipakiwa kwenye gari safari mpaka Muskat. Leo anaitwa, anakuja na mkoba wake, na watu wanarudi kulala kwenye mashine zao siku ileile. Na kule Aija, ng'ambo ya daraja pale Sur, yuko mkandarasi anazifufua zile nyumba za zamani za matajiri, naye kila tukikutana analia hana waashi wa mawe, mpango umletee waashi.

Mie nikasimama kwenye mkutano wa wafanyabiashara huko Nizwa, kifua mbele, nikasema: nipeni nafasi moja tu, nitawaletea kutoka Afrika fundi wa mifereji ambaye hamjamwona mfano wake. Kwa Kiarabu nilisema sabbak, yaani yule fundi wa paipu, wa jikoni na bafuni. Watu wakapiga makofi.

Nikayapenda yale makofi.

Nieleze hapa kwa wa bara. Kwetu mfereji ni kile unachokizungusha maji yakatoka, nyie mnakiita bomba. Mama yangu hana neno jingine. Mie pia sina. Nikampigia rafiki yangu wa Moshi, tuliyeendesha naye malori, nikamwambia nitafutie fundi wa mifereji, wa kweli, si mbabaishaji. Akanipa namba ya Hemedi, mtu wa Upareni, huko milimani. Nikampigia mwenyewe, maana mie sinunui mbuzi kwenye gunia.

"Mifereji unaijua?"

"Mzee, mifereji ndiyo maisha yangu. Nimejenga mikubwa na midogo."

Mikubwa, nikajua ya mahoteli.

"Haivuji?"

"Ya kwangu? Aisee, haivuji hata tone. Kamuulize mtu yeyote huku."

"Na maji yanakuja kwa nguvu?"

"Hiyo inategemea mteremko, mzee. Ukinipa mteremko, nakupa nguvu."

Nikasema moyoni, huyu ni mjuzi, anajua kuwa tangi lazima likae juu ya dari. Cheti chake kikaja kwa simu, kimeandikwa ujenzi wa mifereji, na maneno mengine marefu ambayo sikuyasoma. Karani wa karatasi hajui Kiswahili. Akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia andika sabbak. Akaandika sabbak.

Hemedi akafika na begi moja na pimamaji, lile la mbao lenye kitone cha hewa. Nikawaonyesha watu dukani: tazameni, mwenzenu kaja na kipimo chake cha maji! Mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye maneno, anayejisifu karibu kama mie. Kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, "Shikamoo, mzee." Nami naitikia marahaba kama mfalme.

Siku ya pili yake tu, mama yangu, Bi Zuwena, akamwita kutoka ukumbini. "Hemedi, baba, hebu kanifungie ule mfereji, maji yapotea."

Hemedi akatoka. Akapita jikoni ambamo maji yalikuwa yakimwagika, akatoka mlango wa nyuma, akaenda kwenye mitende. Kule nyuma inapita falaj, njia ya maji ya kumwagilia mashamba, na kila jirani ana zamu yake. Hemedi akavua viatu, akaingia, akapanga mawe na udongo, akaifunga. Akaifunga barabara. Ilikuwa zamu ya jirani yetu, na baada ya muda jirani akaja mbio kavalia wizari tu, ile shuka ya kiunoni, anapiga kelele nani kayakata maji yake. Tukaenda kuangalia. Ule ukuta wa Hemedi haukuvuja hata tone.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hemedi naye akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kumbe kwenu mfereji ni bomba? Mzee, basi mimi nimeitwa kwa mabomba?"

Nilikuwa nimeshafahamu. Pale pale, miguu ndani ya matope, nilikuwa nimefahamu kila kitu. Nikamwambia, "La, hiyo ni lugha ya kikongwe. Kazi yako ipo, ngoja karatasi zitimie."

Mama alinitazama.

Mngekuwa nyie mngefanya nini? Mie nilifanya kama nilivyozoea, nikategemea mdomo na bahati. Nikamweka stoo na paipu na viungo, nikamfundisha yale ninayoyajua, ambayo ni bei zake. Nikamwambia kila mgeni hupimwa bomba kidogo, ni desturi tu. Akaniamini. Alikuwa akijifunza usiku na mchana huku akiuliza mashamba yenyewe yako wapi.

Jana Alhamisi tukaenda Nizwa kupimwa.

Chumba kirefu, meza ya vyuma, ukutani paipu ya maji moto na ya baridi. Akapewa mfereji wa bafuni, ule wa kuchanganya, aufunge. Hemedi akaushika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Tepu nyeupe aliizungusha kinyume. Kiungo kimoja akakisahau mezani. Mpimaji, muhandisi kijana, mpole, kanzu yake nyeupe hata kunjo haina, akasogea kuangalia, na Hemedi akafungulia maji.

Nisiandike sana. Ile kanzu ilikamulika.

Waliokuwepo wakacheka. Mlangoni walisimama watu wa mkutano ule ule, wamewaleta wa kwao, na mmoja wao akaniambia kwa sauti, "Nasoro, huyu ndiye hatujamwona mfano wake? Kweli, hatujamwona!"

Muhandisi akajipangusa uso, hata hakukasirika. Akauliza kwa Kiarabu inakuwaje mtu huyu kaandikwa sabbak. Na Hemedi, jasho linamtoka, akanigeukia mie. Hakuwa na mwengine wa kumgeukia, mle ndani Kiswahili tulikuwa nacho wawili.

"Mwambie ukweli, mzee. Mwambie mimi niliitwa kwa mifereji ya mashamba. Sijasema popote kuwa mimi ni fundi bomba. Wewe mwenyewe ni shahidi yangu."

"Anasemaje?" muhandisi akauliza.

Nikamwambia: anasema alidhani atajifunza hapahapa. Anasema anaomba asamehewe kwa kudanganya.

Hivyo. Kwa Kiarabu fasaha. Hata sikukwama.

Muhandisi akamtazama Hemedi kwa huruma, akamuuliza taratibu, ni kweli? Na Hemedi, alivyoona ule uso wa huruma, akajua nimemsemea vizuri. Akaweka mkono kifuani, akaitikia kwa kichwa, akatoa neno pekee la Kiarabu alilonalo.

"Na'am," akasema. "Na'am, na'am."

Ndiyo, ndiyo.

Kwa nini nilifanya vile? Tangu jana najiuliza. Mwenye kazi akiandikisha ufundi usio wa mtu, anaondolewa kwenye mpango, hilo nalijua. Lakini nisiwadanganye na nyie. Sikuogopa kuondolewa. Niliogopa kile kicheko pale mlangoni. Niliogopa ijulikane kwamba Nasoro wa lugha tano kakosea neno la jikoni kwao.

Na tofauti yake ni hii, ndiyo inayonila. Mwenye kazi akikosea, fundi haadhibiwi, anaweza kuhamishiwa kwa mwengine wa mkoani mwenye haja ya ufundi wake. Hemedi anajenga kwa mawe na saruji, yule mkandarasi wa Aija angembusu mikono. Lakini fundi akidanganya, anarudishwa kwao, na mlango anafungiwa asirudi tena. Muhandisi akaniambia Jumapili ofisi ikifunguliwa nipeleke karatasi za kumrudisha.

Njiani sikufungua redio. Pale Bidbid, barabara inapogawanyika ya kwetu na ya Muskat, tukasimama kunywa chai. Hemedi akanikataza nisilipe. "Leo ni zamu yangu, mzee. Ningekuwa peke yangu mle ndani wangenila mzima." Akampigia mkewe, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. "Mama Salma, nimeharibu mtihani, lakini usiogope. Bosi kanitetea kwa Kiarabu, aisee, mpaka yule bwana akanionea huruma. Msalimie!"

Na sauti ya mwanamke kutoka mbali: "Shikamoo baba. Mungu akulipe."

Nikaitikia. Nikaenda chooni, nikafungua mfereji, nikaweka kichwa chini ya maji. Yalikuwa moto kama chai.

Leo mchana tukala wali na samaki, sisi watatu sinia moja, maana mama kashamfanya Hemedi mwanawe. Mama alikuwa kachangamka. Akaanza kumhadithia Hemedi habari za zamani, tulipokuja kutoka Unguja.

"Sie tulikuja hapa Waarabu wasiojua Kiarabu, baba. Watu wakitucheka. Nikienda dukani, nikienda hospitali, bubu. Huyu Nasoro kitoto kidogo, kashakiokota mtaani, ndo alokuwa mdomo wangu. Daktari asema kwake, yeye asema kwangu. Wallahi hata siku moja sikumuuliza, ndivyo alivyosema kweli? Ntamuulizaje, na mdomo ni wake?"

Nikaacha kula.

Nakumbuka ile hospitali. Nakumbuka mama kashika buibui yake kwa mikono miwili, ananitazama mdomo, si macho. Ningeweza kumwambia chochote. Nilikuwa mdogo, nikayasema yote kama yalivyo, hata yale ya kumwogopesha.

Nikasema. Pale pale, mkono una mchuzi. Nikamwambia Hemedi nilichokisema jana kwa Kiarabu, neno kwa neno, na lile na'am lake liliitikia nini. Sauti yangu siijui ilitoka wapi, maana si hii ninayojisifia nayo.

Hemedi akarudisha tonge siniani. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Kwa hiyo kwa Kiswahili mimi ni mkweli," akasema. "Kwa Kiarabu ni mwongo."

Mie nikawa nakusanya punje za wali ukingoni mwa sinia.

"Na mke wangu amekuombea."

Mama akaosha mikono pole pole. Akaniambia, "Nasoro. Kila asubuhi mtoto wa watu akupa shikamoo, nawe waipokea." Basi, hilo tu. Akanyanyuka akaenda zake jikoni. Mie mtu mzima, nina ndevu nyeupe, nikaona afadhali angenipiga kwa mwiko.

Nilimwambia Hemedi nitakwenda Jumapili, nitamweleza muhandisi. Akacheka, kicheko kibaya. "Utamweleza. Kwa Kiarabu."

Ana haki. Hana hata karatasi ya kuonyesha. Tulizungumza kwa simu tu, maneno yalipita hewani. Kitu chake chote, kazi yake, jina lake, mlango wa kurudi huku, kiko ndani ya mdomo wangu, na mdomo wangu kashauona unavyofanya kazi.

Akatoka nje kwenye vumbi. Nikadhani anafunga begi. Akarudi, kakunja uso, akaketi mbele yangu.

"Nifundishe hilo neno utakalomwambia. Nitakuwepo. Nitasikiliza."

Basi ndivyo tulivyopitisha mchana. Nikamtafutia maneno mafupi, yasiyo na mahali pa kujificha. El-ghalta ghaltati. Kosa ni kosa langu. Hemedi hiyo ghaini haimtoki, anasema galta galtati. Mama akasikia kutoka jikoni, akaja kumsahihisha, yeye aliyejifunza Kiarabu ukubwani kwa kuchekwa. "Sukutua koo, baba, kama wasukutua maji." Nami nikasema mara ya kwanza, nikaona tabu. Maneno mawili tu. Nimeuza matangi yenye tundu kwa maneno mengi zaidi ya hayo na nisitokwe jasho.

"Tena," Hemedi akaniambia.

Nikasema tena.

"Na ukiongeza la kwako mbele au nyuma, nitajua. Nitamwangalia yule bwana usoni. Safari hii nataka akuonee huruma wewe."

Mama aliporudi jikoni akaita, "Mfereji huo nani kauacha wazi?" Nikanyanyuka mie, Hemedi akanitangulia. Akaufunga. Nikamsikia akimwambia, "Bibi, kwetu hili ni bomba." Na mama, ambaye hajawahi kushindwa na mtu wa bara: "Bomba ni la kupigia dawa ya mbu. Kaa, ntakumiminia chai."

Mie hawakuniita.

Sijui kama muhandisi atakubali. Sijui kama yule mkandarasi wa Aija bado ana nafasi, na sitampigia kabla ya Jumapili, maana nikimpigia nitaanza kujisifu kwamba nimemtafutia mwashi. Najijua. Kwenye mpango nitatolewa, na ni haki. Mpango haukukosea kitu. Ulimuuliza mtu wa mkoani anahitaji nini, na mtu mwenyewe alikuwa akihitaji makofi.

Kesho asubuhi Hemedi atatoka chumbani kwake kama kila siku. Nitakuwa nimekaa pale ukumbini. Kama hatanipa shikamoo, nitampa mie salamu yangu, nisingoje kuitikiwa.

Kiyoyozi kimezimika sasa, umeme umekatika, na nyumba imekuwa kimya. Namsikia huko jikoni na mama, anarudia. Galta galtati. Galta galtati. Kama mtu anayefundisha kasuku.

Jumapili kasuku ni mie.